Kupiga Picha za Watu kwa Lenzi Pana Sana: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali mawili hunijia tena na tena kutoka kwa watu waliotoka kununua lenzi pana kwa mara ya kwanza. La kwanza ni hili: "Mbona pua imekuwa kubwa hivi?" La pili: "Mbona aliyesimama pembeni amenenepa?" Mara nyingi muulizaji ameshaamua kwamba ameuziwa lenzi mbovu, na wengine huwa tayari wameitangaza kuuzwa. Nimeandika mwongozo huu ili nisirudie majibu yale yale kila mara, na pia kwa sababu lenzi hizi, zikitumiwa kwa makusudi, hutoa picha za watu ambazo lenzi nyingine haziwezi kuzitoa.

Ninaposema lenzi pana sana, ninakusudia lenzi yenye urefu wa fokasi (ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi) chini ya milimita 24 kwenye kamera yenye kihisi kikubwa. Kihisi ni kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, na kikubwa ni kile chenye milimita 36 kwa 24. Kwenye kamera za kihisi kidogo cha APS-C, ambazo ndizo wengi wetu tunaanza nazo, lenzi ya milimita 10 huona upana unaolingana na wa milimita 15 au 16 kwenye kihisi kikubwa, kutegemea kampuni iliyotengeneza kamera. Vipimo vyote nitakavyovitaja ni vya milimita 16 kwenye kihisi kikubwa, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo.

Nadharia utakayoihitaji ni ya mambo mawili tu. La kwanza ni umbali. Kutoka ncha ya pua hadi masikioni pana sentimita 12 hivi. Ukisogea mpaka pua iwe sentimita 30 kutoka kwenye lenzi, masikio yatakuwa sentimita 42, na pua itaonekana kubwa mara 1.4 ikilinganishwa na masikio. Ukirudi nyuma hadi mita 2, tofauti hiyo hushuka hadi mara 1.06, na hakuna atakayeiona. Lenzi haina ugomvi na pua ya mtu yeyote. Kinachokuza pua ni umbali uliosimama wewe, na lenzi pana inakushawishi tu usogee. Jambo la pili ni mahali mtu alipo ndani ya fremu. Ili mistari iliyonyooka ibaki imenyooka, lenzi hii huvuta vitu vya kingoni kuelekea nje. Kichwa kilicho katikati hubaki kama kilivyo, lakini kikiwekwa kwenye ukingo wa kushoto au wa kulia wa picha iliyolala, upana wake huvutwa kufikia mara 1.5 ukilinganisha na urefu wake, na kwenye kona huzidi hapo. Yote yanayofuata yanatoka katika mambo haya mawili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kamera na lenzi pana. Lenzi ya kuvuta ya milimita 10 hadi 18 kwa APS-C inatosha kabisa kujifunzia, na haina haja ya kuwa ya bei kubwa. Simu yenye lenzi ya 0.5 pia inafaa, ila kihisi chake ni kidogo na huchoka haraka penye giza, na katika simu nyingi lenzi hiyo haina fokasi ya kurekebishwa.
- Kitambaa laini cha kufutia kioo. Lenzi pana huelekezwa kwenye jua mara kwa mara, na alama moja ya kidole hugeuka wingu jeupe katikati ya picha.
- Kigoda au ngazi fupi, kwa sababu utahitaji kubadilisha kimo mara nyingi.
- Shuka jeupe au riflekta ya kurudishia mwanga usoni.
- Mtu mwenye subira, na saa moja isiyo na haraka.

Kichujio cha kupunguza mng'ao wa anga, kile kinachozungushwa mbele ya lenzi, kiache nyumbani. Kwa upana huu hufanya upande mmoja wa anga uwe bluu iliyokolea na mwingine uwe mweupe, na kasoro hiyo ni vigumu kuiondoa baadaye.

Hatua

1. Chagua mahali panapomhusu mtu unayempiga. Lenzi hii haikuruhusu kuficha mandhari ya nyuma kwa ukungu mzuri kama ifanyavyo ya milimita 85. Kila kilichopo kitaonekana, basi afadhali kiwe na maana. Karakana ya mchonga milango, duka la fundi cherehani, jiko la mama lishe, chombo cha mvuvi: hapo ndipo lenzi pana inapolipa gharama yake. Nyumba za kale za mawe za Unguja, Lamu na Mombasa ni darasa zuri kuliko yote. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ambao mara nyingi haufiki mita 3. Ukiwa na lenzi ya milimita 50 ndani ya chumba kama hicho, utagota ukutani kwa mgongo na bado utampata mtu peke yake bila chumba chake. Ukiwa na milimita 16, kamera ikiwa imesimamishwa wima, umbali wa mita 1.2 tu unakupa fremu yenye urefu wa mita 2.7 na upana wa mita 1.8, yaani mtu mzima kuanzia kofia hadi makubadhi, pamoja na boriti zilizo juu yake.

2. Omba ruhusa, na umweleze mtu utakavyosimama. Kuomba ruhusa ni adabu ya kila picha, lakini hapa kuna la ziada. Utasimama karibu kiasi ambacho kwa kawaida husimama kinyozi au ndugu wa damu, na mtu asiyeonywa atarudi nyuma bila kujua, kidevu kikiingia shingoni. Mzee mwamkie kwanza, kaa naye barazani, mwonyeshe picha moja kwenye kioo cha kamera ili aone kwamba lenzi inachukua chumba kizima, kisha ndipo usogee. Ikiwa ni mwanamke asiyekufahamu, mwambie msaidizi wake au ndugu yake awepo. Uso wake utatulia, na wewe utafanya kazi kwa amani.

3. Panga kamera. Anza na tundu la lenzi la f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) na kasi ya shata isiyopungua 1/125 ya sekunde kwa mtu aliyetulia, na uiongeze kama mikono yake inafanya kazi. ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, ifuate mwanga uliopo. Kwa f/8, ukiweka fokasi kwenye mita 1.1 hivi, kila kitu kuanzia nusu mita hadi mwisho wa upeo kitakuwa na ukali wa kutosha. Hii ni neema kubwa kwenye vichochoro, lakini isikudanganye ukaacha kulenga. Ukifungua tundu hadi f/2.8 huku mtu akiwa nusu mita kutoka kwako, eneo lenye ukali ni sentimita 17 tu, na jicho likikosa fokasi katika picha ya karibu namna hiyo hakuna msamaha. Lenga jicho lililo karibu na lenzi, kila mara. Hifadhi picha kama faili za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata, ikiwa kamera inaruhusu.

4. Sawazisha kamera. Washa mistari ya gridi kwenye kioo. Kamera ikiinama kidogo tu, kuta zitaegemeana na mfaa wa mlango utalala kama unaanguka. Kwa picha ya kwanza shika kamera kwenye kimo cha kifua cha mtu na uiweke sawa kabisa, bila kuielekeza juu wala chini. Utakapotaka kuinamisha baadaye, inamisha sana mpaka ionekane umekusudia. Mwinamo wa nusunusu husomeka kama kosa.

5. Weka uso katika theluthi ya kati ya fremu. Ndani ya theluthi hiyo mvuto wa kingo ni wa asilimia 7 hivi, na jicho la kawaida halitaugundua. Miguu, mikono, upindo wa nguo na samani vinaweza kwenda pembeni bila madhara makubwa, uso usiende. Kama unataka mtu awe upande mmoja wa picha, msogeze kiasi, kisha kata upande mwingine wakati wa kuhariri.

   Onyo kuhusu picha za kikundi. Niliwahi kuwapanga ndugu kumi na wawili sebuleni siku ya harusi, mstari mmoja kutoka ukuta hadi ukuta, nikijisifu moyoni kwamba lenzi yangu imewaenea wote. Shangazi aliyesimama mwisho wa mstari alipoiona picha aliniuliza, mbele ya watu, kama nimemwongeza mtu mwingine ndani ya gauni lake. Alikuwa na haki. Acha nafasi tupu pande zote mbili, na wale wembamba ndio wakae mwisho.

6. Leta kitu mbele. Hii ndiyo hatua inayotofautisha picha iliyopangwa kwa makusudi na picha ya chumba chenye mtu tu, kwa hiyo ipe muda mwingi kuliko nyingine zote. Kilicho karibu na lenzi hukua, kilicho mbali hupungua, na wewe ndiye unayeamua kipi kikue. Mwambie mchongaji anyooshe patasi kuelekea kwenye kamera: mkono ukiwa sentimita 25 kutoka kwenye lenzi na uso sentimita 75, mkono utaonekana mkubwa mara tatu ukilinganisha na uso, na mtazamaji ataisoma kazi yake kabla ya kumwona mwenyewe. Bill Brandt, mpiga picha wa Uingereza, alifanya jambo la jamaa na hili baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa kamera kuukuu ya mbao ya Kodak yenye lenzi pana, ya aina ambayo polisi waliitumia kupiga picha za mahali palipotokea uhalifu. Aliiacha lenzi ikuze na kunyoosha viungo vya mwili kadiri ilivyotaka, na watu wakauona mwili wa binadamu upya. Huhitaji kuwa na kamera ya polisi. Unahitaji kuacha kuogopa ukubwa.

   Swali linalofuata huwa ni mahali pa kulenga fokasi. Kwa f/8 mkono na uso havitapata ukali kwa pamoja katika umbali huo. Ama ulenge jicho na uuache mkono uwe na ukungu kidogo, jambo ambalo mara nyingi hupendeza, ama ufunge tundu hadi f/16 na ulenge kwenye sentimita 40 hivi, kati ya viwili hivyo. Ukali utaenea kuanzia sentimita 23 hadi mita moja na nusu. Tundu dogo namna hiyo hupunguza ukali wa jumla kiasi, lakini si cha kukukosesha usingizi. Kumbuka pia kwamba kila lenzi ina umbali wake mdogo kabisa wa kulenga, na kwa kamera nyingi umbali huo huhesabiwa kutoka kwenye kihisi, wala si kutoka kwenye kioo cha mbele.

   Kwa mwanamke aliyevaa kanga, mkalishe mkekani, tandaza kanga ya pili kutoka magotini pake kuja kwenye kamera, kisha shuka mpaka lenzi iwe kiganja kimoja juu ya kitambaa. Pindo zake mbili zitakuwa kama barabara zinazokutana usoni pake. Soma jina la kanga kabla ya kupiga, kwa sababu lenzi hii italikuza kuliko kitu kingine chochote, na si kila fumbo ambalo mwenyewe angependa majirani walione kwa ukubwa huo.

7. Badilisha kimo. Ukichuchumaa na kuelekeza kamera juu, miguu hurefuka na mtu huonekana kama mnara. Humfaa mcheza mpira, baharia, kijana mwenye mavazi ya kujionyesha. Usisogee karibu mno ukiwa chini, kwani utapata kidevu na matundu ya pua. Ukipanda kigoda na kuangalia chini, kichwa hukua, miguu hupotea, na mtu huonekana mdogo na mpole. Humpendeza mtoto aliyezungukwa na vitu vyake vya kuchezea. Kwa mtu mzima tumia kimo hicho kwa hadhari, maana humshusha hadhi bila yeye kujua.

8. Zungusha jicho kwenye kingo zote nne kabla ya kubonyeza. Utakuta mkanda wa kamera yako, vidole vya miguu yako, mguu wa tripodi, ndoo, na mara nyingi sana kivuli chako mwenyewe.

9. Tafuta mwanga unaokuenea. Sisi tulio karibu na ikweta tuna jua la utosini mchana, na macho hugeuka mashimo meusi. Ndani ya kichochoro chembamba, hata hivyo, mchana si mbaya kama unavyosemwa, kwa kuwa jua likipiga ukuta wa juu uliopakwa chokaa, ukuta wa pili hurudisha mwanga laini usoni pa aliyesimama kivulini. Mweke hapo, na uuache ule utepe wa anga juu ya paa uwe mweupe kama utakavyo. Chumbani, mgeuze aelekee dirisha nawe ukae ubavuni mwa dirisha. Ukitumia flashi, fahamu kwamba nyingi hazifiki kwenye kingo za fremu pana namna hii. Ielekeze darini, au vuta kile kibao cha plastiki kinachopitisha mwanga, kilichofichwa kwenye kichwa chake, na ukishushe mbele ya taa.

10. Piga picha ile ile kwa umbali tofauti. Anza na mita 2, kisha mita 1, kisha sentimita 60, kisha 40, bila kubadilisha lenzi wala mkao wa mtu. Usihukumu papo hapo. Ukizitazama nyumbani utaona kwamba kila uso una umbali wake: mtu mwenye uso mwembamba na mrefu huharibika mapema, mwenye uso wa duara huvumilia hadi karibu zaidi, na mzee mwenye makunyanzi mara nyingi hupendeza pale hasa ulipodhani umepitiliza.

11. Hariri kwa mkono mwepesi. Nyoosha kuta kwanza kama kamera ilikuwa imeinama kidogo. Kisha angalia lile tiki la marekebisho ya lenzi kwenye programu yako. Wengi huliweka bila kufikiri. Linanyoosha mistari iliyopinda, ndiyo, lakini kwa kufanya hivyo huwavuta zaidi watu walio kingoni. Kwenye picha ya mtu mmoja aliye katikati liweke. Kwenye picha ya kikundi jaribu kulitoa, na uchague ambayo nyuso zake zinafanana zaidi na wenyewe, hata kama dari itapinda kidogo.

Mambo yakienda kombo

*Pua bado ni kubwa.* Rudi nyuma hatua moja, kisha kata picha baadaye. Kukuza kwa lenzi bila kuhama ulipo hakubadilishi uwiano wa pua na masikio hata kidogo. Lazima miguu ihame. Kama huna nafasi ya kurudi nyuma, mgeuze mtu uso robo upande, ili pua isielekee moja kwa moja kwenye lenzi.

*Mtu amepotea, anaonekana mdogo mbele ya jumba kubwa.* Umesimama mbali mno. Hili ndilo kosa la pili la wanaoanza, na huwapata hasa wale walioogopeshwa na la kwanza. Sogea hadi mita moja, au utafute fremu ndani ya fremu, kama mlango au dirisha, imzunguke.

*Nyuma kuna fujo.* Hutaweza kuififisha kwa tundu la lenzi. Shusha kamera ili anga ichukue nafasi ya fujo, au msogeze mtu aikinge kwa mwili wake, au ondoa vitu kwa mkono. Ndoo na nyaya nyingi hutoka kwa dakika mbili.

*Kona za picha ni nyeusi.* Kagua kama umepachika vichujio viwili kimoja juu ya kingine, au kama kinga ya jua ya lenzi imefungwa upande. Weusi ukibaki hata baada ya kuvitoa, ni tabia ya lenzi yenyewe ikiwa imefunguliwa wazi. Funga tundu kwa vituo viwili, kwa mfano kutoka f/2.8 hadi f/5.6.

*Uso mweusi, dirisha jeupe.* Kamera imepima mwanga wa dirisha. Pima usoni pa mtu, ongeza mwanga kwa kituo kimoja (yaani mara mbili) au zaidi, na utandike lile shuka jeupe mapajani mwake au miguuni pake, nje ya fremu. Kuhakikisha liko nje ya fremu si rahisi kama inavyosikika. Kwa milimita 16 nimeshalipiga picha shuka langu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

*Jicho halina ukali ingawa kila kitu kingine kinao.* Kamera ililenga ukuta wa nyuma, kwa sababu uso kwenye fremu pana ni kitu kidogo. Chagua nukta moja ya fokasi na uiweke mwenyewe juu ya jicho, au washa utambuzi wa jicho kama kamera yako inao. Kwa simu yenye lenzi pana isiyorekebishika, tafuta umbali ambao lenzi hiyo inaona vizuri kwa kupiga ukurasa wa gazeti mara kadhaa, kuanzia sentimita 30 na kurudi nyuma kidogo kidogo, kisha uutumie umbali huo kwa watu pia.

*Mwenyewe hakuipenda.* Mpigie nyingine kwa mita 2, na ile ya karibu usiitoe kwa mtu yeyote bila idhini yake.